Fundi Aliyetazama Vinywa Vyetu

Kanisani hakukaa pamoja na wanaume. Alikaa juu ya kigoda karibu na mimbari, uso umetuelekea sisi waimbaji, na wimbo ulipopanda hata vinywa vikafunguka vyote, aliinama mbele kidogo na kutazama. Hakutazama nyuso. Alitazama magego. Mchungaji alimwonya mara mbili kwamba nyumba ya Mungu si zahanati. Akajibu kwa upole, jambo lisilo la kawaida kwake, kwamba siku sita watu humkimbia, na siku ya saba tu ndipo hufungua vinywa bila kuombwa. Aachiwe basi aone kazi yake imefika wapi.

Tulimwita ba Fundi, na hiyo "ba" ni heshima ya Kibemba. Aliziba meno katika zahanati ya misheni pale Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, wakati nyavu za nailoni zilipoanza kuonekana ufukoni na wazee wakizigusa kama kitu cha uchawi. Kazi hiyo alijifunza kwenye machimbo ya shaba upande wa Kongo, kwa muzungu mmoja aliyewaziba wafanyakazi. Watu wengi wa kwetu walisema naye Kibemba, naye akijibu nusunusu. Mimi nilisema naye Kiswahili, kwa kuwa nami nilivuka ziwa kutoka ng'ambo nilipoolewa.

Namwandika kwa sababu mume wangu alikufa kwa jino ambalo mtu huyu aliliziba kwa mkono wake na kulipima kwa mkono wake. Kwa miaka mitatu baada ya hapo nilitaka kujua jambo moja tu: asubuhi ile alipomruhusu aende kuvua, alijua au hakujua?

Alikuwa na vitu vitatu vya kuzibia, na alivitaja kama mzazi anavyotaja wanawe, kila mmoja na tabia yake.

Cha kwanza kilikuwa unga mweupe uliokandwa kwa mafuta ya karafuu. Huo ulikuwa wa kutuliza tu. Mtu aliingia analia, akatoka ananuka karafuu na kucheka, naye ba Fundi humkimbilia hadi mlangoni akimwambia arudi kabla ya miezi mitatu, kwa maana kitu kile huliwa na mate kama kona za sabuni. Wengi hawakurudi. Maumivu yakiisha, kwao ugonjwa umeisha. Hili ndilo kosa letu sisi watu wa ziwani, na sijui kama tumeliacha.

Cha pili kilikuwa simenti nyeupe. Ilikauka upesi, ikang'aa, ukadhani jino limezaliwa upya. Watu waliipenda kwa weupe wake. Yeye hakuipenda. Alisema simenti ina uso mzuri na miguu mibovu: juu inabaki nzima, lakini pembeni, pale inapokutana na jino, mate huilamba polepole mpaka njia ikafunguka, na kinachooza huoza chini bila mtu kuona. Mwaka mmoja, miwili, kwa wachache mitatu.

Cha tatu kilikuwa fedha. Alisaga unga wake pamoja na zebaki katika kinu kidogo cha kioo, akaufunga ndani ya kipande cha ngozi laini, akaukamua kwa vidole mpaka zebaki iliyozidi ikatoka matone matone na kukimbia juu ya sahani kama vitu vilivyo hai. Kisha alilikanda donge lile katika kiganja na kulipeleka sikioni. Likilia kwa sauti nyembamba, liko tayari. Likinyamaza, alilitupa akaanza upya. Ndipo alipolishindilia ndani ya tundu, kidogo kidogo, kwa nguvu ambayo hukuitazamia kwa mtu mwembamba kama yeye.

Fedha ikiingia pakavu hukaa miaka ishirini. Lakini tone moja la mate likiigusa wakati bado laini, huvimba baada ya siku chache, ikainuka juu ya jino, na mtu asiweze kuuma hata ubwali, ugali wetu laini. Kwa hiyo alikuwa mkali mno. Alijaza pamba pande zote za ulimi, akasimama juu yako, mguu ukikanyaga ile mashine ya kutobolea, na amri zake zilikuwa tatu: "Usimeze. Usiteme. Usifunge mupaka niseme." Mate yakiingia, alikwangua yote. Mimi alinikwangua mara mbili, kwa sababu nililia na machozi yalishuka hadi kinywani. Mara ya tatu nilimwomba Mungu anikaushe, naye akanikausha. Ba Fundi alipomaliza alizungusha sindano yake iliyopinda pembeni mwa fedha yote, akisikiliza kama mtu anayebisha hodi, kisha akasema, "Imekamata."

Hakuwa na sifa nyingine. Hakusema nzuri, hakusema imepona. Imekamata, au haikukamata.

Kabla ya kila jino alisali, na sala yake ilikuwa maneno matatu: Bwana, tupe ukavu. Katika mwezi wa kiangazi kirefu, wakati nchi nzima inaomba mvua, jirani zetu walimtania kwamba ndiye anayezuia mawingu. Hakucheka. Sijawahi kumwona akicheka na kinywa wazi, na sababu yake tuliijua: meno yake mwenyewe yalikuwa yanalegea na kuanguka moja baada ya jingine, mazima, bila tundu. Mtu aliyewakataza watoto sukari kwa ukali alikunywa chai yenye vijiko vitano, akamamunya mkate uliolowekwa ndani yake kama bibi kizee, na hakuwa amefika miaka hamsini.

Tulidhani ni chai. Tulidhani pia hasira zake ni tabia, na kutetemeka kwa vidole vyake ni uzee ulioharakisha. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza habari za zebaki: kwamba ikikaa ndani ya jino imetulia, lakini mtu anayeikamua kila siku kwa vidole vitupu katika chumba kidogo, akivuta hewa yake, humwingia mpaka kwenye fizi na mishipa na akili. Kile kilichodumu katika vinywa vyetu kilikuwa kinamla yeye.

Alikuwa na kopo la ugoro ambalo hakutia ugoro. Kila alichokiziba kikashindwa, na kila jino aliloling'oa baada ya kulitengeneza yeye mwenyewe, alikiosha, akakikausha juani, akakitia humo. Siku zisizo na wagonjwa alimwaga yote juu ya kitambaa na kuyageuza moja moja. Nilimuuliza mbona anaweka uchafu ule. Akasema, "Zenye zilikamata hazinifundishe kintu, Bana Chola. Hizi njo zinasemaka."

Hiyo "njo", kwa Kiswahili cha ng'ambo, ni "ndiyo"; na Bana Chola ni mimi, mama yake Chola. Mume wangu walimwita Bashi Chola.

Hata wafu aliwaendea. Mtu aliyezibwa naye akifa, alifika msibani, akakaa na wanaume kama inavyopasa, kisha akamwomba mwenye msiba kwa sauti ya chini aruhusiwe kutazama kinywa kabla jeneza halijafungwa. Wachache walikubali. Mjane wa shemasi mmoja mzee alimruhusu, nami nilikuwa ndani nikimshikia taa. Alifunua midomo ile baridi kwa heshima kubwa, akazungusha sindano, akatoka nje macho yamelowa. "Mzee amekwisha," akaniambia, "na feza ingali." Sikujua kama ilikuwa huzuni au furaha. Nadhani hata yeye hakujua.

Lakini wengine walimfukuza. Ikaanza kusemwa sokoni kwamba anawang'oa wafu fedha na kuitia tena kwa walio hai. Wanawake wawili waliacha kumpelekea watoto wao. Hakujitetea. Alisema tu kwamba neno la uongo ni kama karafuu, mwacheni, litaliwa.

Neno lililotuua halikuwa hilo. Lilikuwa la radi.

Mwaka mume wangu alipoanza kuumwa jino, kabla mvua hazijatulia, mtumbwi mmoja ulipigwa na radi karibu na Kilwa, kisiwa cha ziwani kwetu, na watu wanne wakafa. Mmoja wao alikuwa na fedha katika magego mawili, kazi ya ba Fundi. Wenzake watatu hawakuwa na kitu kinywani ila meno yao, lakini hilo halikusemwa. Lililosemwa ni kwamba chuma kinywani kinaita radi juu ya maji. Katika muda wa mwezi mmoja hapakuwa na mvuvi kutoka Kashikishi hadi kwetu aliyekubali fedha. Wengine walimwendea wakitaka aitoe iliyokwisha kukamata, naye aliwafukuza kwa matusi ambayo sitayaandika.

Gego la mume wangu lilikuwa la chini, upande wa kushoto, tundu lenye kina. Ba Fundi alilisafisha, akalituliza kwa karafuu, akamwita baada ya miezi miwili aje ajazwe fedha. Nilikwenda naye. Mume wangu alipokiona kile kinu cha kioo aliinuka kitini.

"Hapana, ba Fundi. Weka ile nyeupe."

Ba Fundi alimweleza yote niliyoyaandika hapa, mate na pembeni na miguu mibovu. Mume wangu alisikiliza kwa adabu na kubaki amesimama. Ndipo ba Fundi akaweka kinu chini.

"Bashi Chola, wavu ya pamba ulitupa, ukakamata ya nailoni, sababu haiozake. Njo mu kinywa yako unataka pamba?"

"Wavu haiitake radi," mume wangu akasema. "Weye unalala mu nyumba. Miye ninalala ku maji."

Ba Fundi akanigeukia mimi. Nilikuwa na fedha yake kinywani, imekaa vizuri, na neno langu lingekuwa na uzito. Nilinyamaza. Nami niliogopa ile radi. Nimekiri jambo hili mbele za Mungu mara nyingi, na nalikiri hapa mbele ya msomaji, ili asidhani kwamba ninapomsimulia mtu huyu mimi nimesimama mahali pa juu.

Basi aliweka simenti. Alifanya kazi safi, pakavu kabisa, na hakusema imekamata. Alisema, "Kila miezi mitatu nitaiona." Na kweli aliiona. Mume wangu asipokwenda, yeye alikuja nyumbani, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akapima. Mwaka ukapita hivyo. Ikapita na nusu ya mwaka wa pili.

Msimu wa mapale, samaki wetu wakubwa wa ziwani, ulipoanza, wanaume walijiandaa kwenda kupiga kambi kisiwani Kilwa kwa wiki sita. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa ufukoni na mihogo na unga, na ba Fundi akaja akishuka mchangani na koti lake la kazi, sindano imefungwa kwenye kitambaa mfukoni. Alimtoa mume wangu kwenye mtumbwi mbele ya watu wote, akamsimamisha akiangalia jua. Wenzake walikuwa wameshika makasia.

"Ba Fundi," akasema mmoja wao, msemaji wa kundi, "yako yenyewe ilienda wapi? Ziba ile kwanza, kisha uje kwa wenye meno."

Wakacheka wote. Mume wangu naye akacheka, kinywa kimefunguliwa, sindano ikiwa ndani. Ba Fundi alitazama tena kwa muda mfupi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, nikiutazama uso wake, na uso wake haukusema kitu. Akaitoa sindano, akaifuta.

"Enda," akasema.

Walimrudisha wiki ya nne. Upepo ulikuwa unapinga, kwa hiyo walipiga kasia tangu alfajiri ya Jumamosi hadi asubuhi ya Jumapili. Uvimbe ulikuwa umeshuka kutoka tayani hadi shingoni, mgumu kama ubao, na ulimi umeinuliwa mpaka hakuweza kumeza mate yake mwenyewe. Nesi wa misheni alimchoma penisilini. Ba Fundi aling'oa jino, na usaha uliotoka ulikuwa na harufu ambayo bado naijua. Ilikuwa imechelewa. Kanisa liko ng'ambo ya uwanja tu, na waimbaji walikuwa wamefika katikati ya wimbo wa pili alipoacha kupumua. Nakumbuka kwamba wimbo uliendelea. Nakumbuka kwamba kigoda karibu na mimbari kilikuwa kitupu siku ile, na kwamba mwenye kigoda alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na mikono imelowa, asisali.

Msibani kwetu hakufika.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine, au alikuwa yuleyule lakini zaidi. Hakuweka tena simenti katika gego la mtu yeyote. Alikuwa na neno moja: feza, au ning'oe. Wavuvi waliendelea kuogopa radi, kwa hiyo aling'oa. Waling'olewa vijana wenye magego ambayo yangeweza kuishi miaka mitano zaidi kwa kutunzwa kila baada ya miezi michache, naye alijua hivyo, na aling'oa. Mke wa mchungaji alisema kwamba ba Fundi sasa anatupunguza vinywa. Kigodani hakurudi. Alikaa nyuma na wanaume, uso umeinama wakati wa nyimbo.

Nami sikusema naye. Nilimsalimu, kwa maana sikulelewa kumpita mtu bila salamu, na hakuna zaidi. Nilimwombea kila asubuhi kwa sababu tumeagizwa kuwaombea watu kama hao, na kwa muda mrefu sala ile ilikuwa kavu kama pamba zake. Namshukuru Mungu kwamba anapokea na sala za namna hiyo.

Mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha niliposikia kwamba anahama. Mikono yake haikuweza tena kushika sindano, misheni ilikuwa imemwachisha kazi, na wapwa wake wangekuja kumvusha ziwa kumpeleka kwa dada yake. Nilipika, nikafunika bakuli, nikaenda nyumbani kwake mchana. Alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, mzigo wake umefungwa kando. Mikono aliikalia, mmoja chini ya kila paja, ili isionekane.

Nilimpa pole ya safari. Akashukuru. Kisha akatoa mkono mmoja, akafungua lile kopo kwa shida, na bila kutafuta akachukua jino moja akalitia kiganjani mwangu.

Lilikuwa gego. Juu yake simenti ilikuwa nzima, nyeupe kama siku ile ilipowekwa. Nikaligeuza. Chini ya ule weupe, upande mmoja, lilikuwa tupu, jeusi, kama mbegu iliyoliwa na mdudu ikaachwa ganda.

"Hii iko yake," akasema.

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hakujua, na nilikuwa nimeamua kutokuamini.

"Niliona mustari," akasema. "Pembeni, ku upande wa ulimi. Mweusi, kama unywele moya. Sindano iliingia kidogo."

"Na ukamwambia aende."

"Walikuwa wanacheka, Bana Chola."

Hakusema kwamba mume wangu angekataa kubaki, ingawa huenda angekataa. Hakusema habari ya fedha iliyokataliwa, wala ya mwanamke aliyenyamaza. Mtu aliyekwangua kazi yake yote kwa ajili ya tone moja la mate, siku moja aliona ufa na akauacha, kwa sababu hakutaka kusimama tena mbele ya kicheko. Nilitafuta ndani yangu ile hasira niliyoitunza, nikaikuta ipo, lakini imelegea pembeni.

Nililifunga jino katika pindo la kitenge changu. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, uso kwenye mwanga wa mlango, nikafungua kinywa.

Akanionyesha vidole vyake. "Mukono haisikie tena," akasema.

Nilitoa sindano mwenyewe kutoka kwenye kile kitambaa kilichokuwa juu ya mzigo, nikaitia katikati ya vidole vyake, nikakishika kifundo cha mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Tukaiongoza pamoja. Ncha iligonga gego langu mara nyingi mfululizo kwa ajili ya kutetemeka kule, kama matone ya kwanza juu ya bati. Alizungusha pembeni yote, upande wa shavu, upande wa ulimi, na kila mahali alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Sikumharakisha. Mara moja alisimama, akarudi nyuma, akapima mahali palepale kwa mara ya pili, na nikasikia pumzi yake imekatika.

"Imekamata," akasema.

Machozi yalikuwa yananishuka hadi kwenye midomo, na sikuyafuta. Hakuuondoa mkono wake. Nami nilibaki nimefungua, sikumeza, sikutema, mpaka yeye mwenyewe aliposema nifunge.